Kitabu Nilichowachagulia Wanafunzi wa Kompyuta

Chuo chetu kilikuwa Changamwe, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa na chumba kimoja chenye kompyuta kumi na nne, na siku njema kumi na moja kati ya hizo ziliwaka. Wanafunzi walikuwa watu wa kila namna: vijana waliomaliza kidato cha nne wakakosa alama za kwenda mbele, makarani walioambiwa kazini kwamba siku za kalamu zinakwisha, na wengine waliofika tu kwa kuwa ndugu zao waliwasukuma. Wengi walitoka familia za Kaloleni na Kinango, watu waliosoma katika shule ambazo kompyuta ilikuwa picha ukutani. Mimi mwenyewe ni mtu wa Rabai. Nilikwenda chuo kikuu, nikarudi nyumbani na shahada, na ile shahada ilinifanya nijione.

Kazi ya kwanza niliyopewa na mkuu wa chuo, mama mmoja mkali lakini mwenye haki, ilikuwa kuchagua kitabu cha kufundishia wanaoanza.

"Kimoja tu, mwalimu," aliniambia. "Kila mwanafunzi atakuwa nacho. Usinichagulie kitu cha kunitia aibu."

Sikuchukua hata siku mbili. Nilichagua kitabu kinene nilichosomea mwenyewe chuo kikuu, kimeandikwa ng'ambo, kina picha za rangi na kurasa laini. Nilijiambia kwamba wanafunzi wetu wanastahili kitu bora kama wanavyostahili watoto wa matajiri. Hiyo ilikuwa sababu niliyomwambia mkuu, na nusu yake ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilipenda kuonekana nimekishika.

Katika darasa lile la kwanza palikuwa na mama wa miaka thelathini na tisa. Alikaa Bofu na mama yake mzazi, na kila siku alivuka feri kuja kazini na kurudi. Tangu akiwa msichana aliandika hesabu za magunia katika godauni moja la majani ya chai: yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyonyeshewa. Alikuwa na mwandiko mzuri, ulionyooka kama uliopigwa rula. Sasa godauni lilikuwa limeletewa kompyuta, na msimamizi alikuwa amewaambia waandishi kwamba atakayeleta cheti mwisho wa mwaka atabaki mezani. Asiye na cheti atatafutiwa kazi nyingine humo humo, na wote walijua kazi nyingine humo ndani ni ipi.

Sijapata kuwa na mwanafunzi mwenye bidii kama yeye. Kiingereza cha kitabu kile kilimshinda, basi akanunua kamusi. Juu ya kila mstari aliandika kwa penseli maana yake kwa Kiswahili, neno kwa neno. Baada ya miezi mitatu kitabu chake kilikuwa kimefura kwa vikaratasi. Nilipouliza swali, vijana walitazamana, yeye akajibu kama anayesoma. Siku moja nilimsimamisha mbele ya darasa.

"Mnamwona dada yenu huyu?" niliwaambia. "Huyu ndiye anayesoma. Nyinyi mnacheza."

Akainamisha kichwa kwa haya. Nilidhani ni haya ya kusifiwa.

Kulikuwa na jambo ambalo nilikuwa nikiliona kila siku bila kulitia maanani. Mashine zilikuwa chache, kwa hiyo watu walikaa watatu watatu. Vijana waliwahi kipanya, na yeye, kwa adabu yake, akakaa nyuma yao akitazama juu ya mabega. Pia nilikuwa na mazoea ya kufika mapema na kuziwasha mashine zote mwenyewe ili tusipoteze muda. Wanafunzi walipoingia, vioo vya mashine vilikuwa vinang'aa tayari. Kwa muhula mzima hakupata hata mara moja kuikuta kompyuta ikiwa imezimwa.

Mtihani wa vitendo ulikuja. Mtahini alitoka nje ya chuo, na kanuni zake zilikuwa ngumu. Mwalimu wa somo haruhusiwi kuingia chumbani. Nilikalishwa kwenye benchi mlangoni, niitwe tu kama mtahiniwa atainua mkono na kusema mashine yake imeharibika. Nikisema neno lolote bila kuitwa, matokeo ya chuo kizima yangeweza kufutwa.

Yule mama alipewa mashine ya pembeni, karibu na dirisha. Nilimwona akiketi, akipangusa mikono kwenye sketi, akikibonyeza kitufe cha lile sanduku lililokuwa chini ya meza. Sanduku likavuma. Taa yake ndogo ikawaka. Akarudisha mikono mapajani, akatazama kioo.

Kioo kilibaki cheusi.

Niliona papo hapo. Kundi lililotangulia lilikuwa limekizima kioo chenyewe, kwa kitufe chake kidogo kilichojificha chini ya ukingo. Mashine ilikuwa imeshaamka, inafanya kazi. Kilichobaki ni kidole kimoja.

Lakini kitabu nilichomchagulia kilionyesha kompyuta za siku hizi za ng'ambo, ambazo kioo na mashine ni kitu kimoja na kitufe ni kimoja. Na maneno yake, ambayo nina hakika aliyajua kwa moyo, yalisema: washa kompyuta, kisha usubiri hadi picha itokee. Basi akasubiri. Alikaa wima kama mtu aliye kanisani, macho kwenye kioo. Dakika tano. Dakika kumi. Wenzake walikuwa wanaandika, vibodi vinalia kote chumbani.

Nilikohoa. Hakugeuka. Nikakohoa tena kwa nguvu zaidi, na mtahini akaniangalia, akanionyesha benchi kwa kidole. Nikakaa. Niliomba moyoni ainue mkono. Inua mkono, dada, inua mkono tu, sema imeharibika. Hakuinua. Baadaye nilikuja kujua kwa nini, lakini wakati ule nilimkasirikia, Mungu anisamehe.

Alisubiri kwa dakika arobaini. Kisha akainuka taratibu, akakisogeza kiti mahali pake, akamwachia mtahini karatasi tupu na kupita mbele yangu pale mlangoni. Hakunitazama. Niliinuka kumfuata, mtahini akaniambia nikae. Nikakaa.

Nimejiambia mara nyingi kwamba nililinda mtihani wa wenzake. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba niliogopa kufukuzwa kazi, na katika zile dakika arobaini sikuweza kuzitenganisha hofu hizo mbili.

Hakurudi chuoni. Matokeo yalipotoka, zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wameanguka katika vitendo. Mkuu aliniita ofisini, akaziweka karatasi mezani.

"Ni kitabu au ni wewe?" akauliza.

"Ni sote wawili, madam."

Hakulitegemea jibu hilo, nadhani. Alisema muhula unafunguliwa baada ya wiki sita, kitabu kile hakitatumika tena, na kabla ya kufungua anataka jina la kingine. "Na safari hii," akasema, "nieleze sababu."

Nilianza kutafuta. Nilizunguka maduka ya vitabu kule kisiwani, katikati ya jiji, niliwaandikia wachapishaji wakanitumia nakala za kuonja, niliazima kwa walimu wenzangu. Vilipofika tisa nikavipanga juu ya meza ya sebuleni kwetu na kuanza kusoma kimoja baada ya kingine. Kimoja kilieleza kompyuta kwa mfano wa theluji inayoanguka na kadi za benki. Kimoja kilikuwa cha zamani mno, kinafundisha kuhifadhi kazi kwenye visahani, zile diski za plastiki za kuchomeka, ambavyo wanafunzi wangu wasingeviona hata makumbusho. Kimoja kilikuwa kizuri sana, ila kilimtaka msomaji awe na intaneti kila ukurasa, na sisi intaneti yetu ilikuwa simu yangu.

Kimoja kiliandikwa hapa hapa nchini. Kilikuwa chembamba, karatasi zake za kijivu, Kiingereza chake chepesi, na mifano yake ilikuwa ya maduka, mashamba na zahanati. Nikafurahi. Kisha nikafika mahali kinapoeleza kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ile inayofutika mashine ikizimika, nikakuta kimesema kwamba kazi hubaki humo salama hata stima, yaani umeme, ikipotea. Kwetu stima hupotea kama mchezo. Mwanafunzi akiamini maneno yale atapoteza kazi yake yote, na atadhani kosa ni lake. Niliendelea kusoma nikiwa na kalamu nyekundu. Makosa yalikuwa mengi.

Siku ya tisa sikuweza kusoma tena. Nilikuwa nikifungua ukurasa na herufi zinakataa kuingia. Nilijua sasa ugonjwa wangu: nilivisoma vyote kwa macho ya mtu anayejua. Kitabu kilipoacha hatua, nilijaza mwenyewe bila kujua kwamba nimejaza. Sikuwa na njia ya kuwa mjinga tena. Mke wangu alinikuta nimekaa katikati ya vitabu, mikono kichwani.

"Si umuulize mtu aliyeshindwa?" akasema.

Alisema tu kama mtu anayetaka meza yake. Lakini nilimjua mmoja aliyeshindwa, na tangu siku ya mtihani nilikuwa nikimkimbia kila alipokuja akilini.

Jumamosi nilitia vitabu vitatu mkobani, kile kinene na viwili vilivyokaribia kufaa, nikavuka feri. Katika fomu yake ya kujiunga alikuwa ameandika jina la kanisa lililo jirani na kwao. Nikauliza hadi nikaonyeshwa. Mama yake alikuwa uani anachambua mchicha.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikajitambulisha kwamba ni mwalimu wa kompyuta kule Changamwe. Uso wake ukakunjamana.

"Mwalimu," akasema. "Mwanangu alirudi hapa siku ile akalala kwa siku tatu. Hakula. Sasa umekuja kufanya nini? Mmemletea deni la mashine?"

"Mashine gani, mama?"

Binti yake alikuwa ametokea mlangoni. Alikuwa amekonda. Katika mikunjo ya vidole vyake palikuwa na weusi wa vumbi la chai, na nikaelewa kabla hajaniambia kwamba hawamwandikishi tena magunia. Wamempa ufagio.

"Mwalimu," akasema, "niliiharibu. Najua. Niliibonyeza ikavuma, kisha ikafa kioo. Nilidhani nikinyamaza labda itapona. Kama chuo kinataka nilipe, nitalipa kidogo kidogo."

Miezi yote ile. Alikuwa anaamini ameua mashine ya watu. Kwa hiyo hakuinua mkono: angewezaje kuinua mkono ajishtaki?

Nilitamani kumdanganya. Ningeweza kusema mashine ilikuwa mbovu tangu zamani. Angefarijika, nami pia ningefarijika, na hakuna ambaye angejua.

"Hukuiharibu," nikamwambia. "Ilikuwa nzima. Kioo kina kitufe chake, kidogo, kiko chini ya ukingo. Kilikuwa kimezimwa. Kitabu hakikukuonyesha, na mimi sikukuonyesha."

Mama yake aliacha kuchambua mchicha.

"Kitufe," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa mlangoni."

"Nilikuwa mlangoni."

"Uliona?"

"Niliona."

Akakaa chini pale kizingitini. Hakulia. Aliishika midomo yake kwa mkono, macho yakiwa kwenye mchanga wa ua, na mimi nilisimama na mkoba wangu bega moja, sijui nikae au niondoke. Nilianza kueleza kuhusu kanuni, matokeo kufutwa, wenzake. Akaniinulia kiganja ninyamaze.

"Basi," akasema. "Nimesikia."

Mama yake ndiye aliyeniletea kiti. Hakuniambia nikae, alikiweka tu.

Baada ya muda nikasema nilichokuja nacho. Nikavitoa vitabu vitatu, nikamwambia lazima nichague kimoja na siwezi, kwa sababu sioni mahali mtu anapopotea. Nilimwambia wazi kwamba sina haki ya kumwomba chochote. Akakichukua kile kinene kwanza, akakigeuza, akakirudisha mkobani mwangu bila kukifungua.

"Hiki nakijua," akasema. "Viache hivyo viwili. Uje Jumatano jioni, nikitoka kazini."

Jumatano nilimkuta amevifungia kwa kitambaa. Alikuwa amevisoma kwenye feri na wakati wa chakula godauni, akitia alama ya penseli kila alipopotea. Kitabu cha kwanza, kile sahihi chenye kuhitaji intaneti, kilikuwa na alama kumi na saba katika kurasa nne, na baada ya hapo hakuna.

"Hapa ulielewa?" nikauliza, nikionyesha kurasa safi.

"Hapa niliacha," akasema.

Kile chembamba cha kijivu alikuwa amekisoma chote, kutoka jalada hadi jalada. Alama zilikuwa chache, zimetawanyika. Akanionyesha moja. "Huyu mwandishi anasema 'fungua faili' kabla hajasema faili ni nini. Lakini hapa mbele anasema. Kwa hiyo nilimsamehe." Akafungua ukurasa mwingine kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu nimjue. "Na hapa anasema stima ikipotea kazi yako haipotei. Hilo zuri. Sikulijua."

Lilikuwa lile kosa. Ilibidi nimwambie kwamba si kweli. Furaha ile ikazimika.

"Kitabu kinaweza kusema uongo?" akauliza.

"Kinaweza kukosea."

"Mimi nitajuaje?"

Nilirudi Changamwe na swali lile, na jingine juu yake: niwape kitabu sahihi ambacho wataacha ukurasa wa nne, au kitabu chenye makosa ambacho watakisoma hadi mwisho?

Nilichagua chembamba. Nilimweleza mkuu sababu, nikamwonyesha penseli ya yule mama, nikamwonyesha na kalamu yangu nyekundu. Alisoma makosa yote, akaniuliza kama nina akili timamu.

"Nitayasahihisha yote, madam. Katika kila nakala."

"Nakala sitini?"

"Zote."

Alivua miwani, akaniambia likitokea tatizo atasema wazi kwamba ulikuwa uamuzi wangu. Nikakubali. Kwa wiki iliyobaki nilichapa vikaratasi vya masahihisho, nikavikata na kuvibandika kwa gundi juu ya kila kosa. Mwanzoni kabisa, kabla ya sura ya kwanza, nilibandika ukurasa niliouandika mwenyewe kuhusu mashine zetu, wenye mchoro wa sanduku na wa kioo na mishale miwili. Niliacha pia kuziwasha kompyuta asubuhi. Watu waliingia wakazikuta zimelala, na kila mmoja aliamsha ya kwake.

Mambo hayakunyooka kama nilivyotumaini. Walioshinda vitendo mwaka ule waliongezeka, lakini walioanguka bado walikuwa wengi kuliko ninavyoweza kusema bila kuona haya. Kosa moja nililipita bila kuliona, na darasa zima lililiandika kwenye mtihani wa nadharia kama lilivyokuwa kitabuni.

Nilimwombea yule mama nafasi ya kurudia mtihani, na mkuu akakubali. Alikuja Jumamosi nne kufanya mazoezi peke yake, mashine moja mtu mmoja, nami nikakaa mbali naye kwa makusudi. Alishinda. Si kwa alama kubwa, lakini alishinda. Alikipeleka cheti godauni, na msimamizi akamwambia amefanya vizuri, ila meza zimekwisha, angekileta mwaka uliopita. Nilisikia habari hiyo kutoka kwake mwenyewe, kwa simu.

"Nimekiweka sandukuni kwa mama," akasema. "Tutaona."

Niliuliza kama ningeweza kufanya chochote. Akasema hapana, akanishukuru kwa adabu ile ile, akakata. Niliandika barua mbili za kumpendekeza mahali pengine. Hakuna aliyezijibu.

Mchapishaji wa kile kitabu nilimtumia orodha ya makosa yote, na ukurasa wa kila moja. Alinijibu kwamba amepokea, na toleo jipya liko njiani. Toleo jipya lilifika madukani mwanzoni mwa mwaka huu, jalada la rangi ya buluu, karatasi nyeupe. Nililifungua nikiwa nimesimama pale pale dukani. Makosa matatu yalikuwa yamesahihishwa. Mengine yote yalikuwapo, yamehamia kurasa nyingine, na vikaratasi vyangu vyote havilingani tena na chochote. Nimenunua nakala moja, na tangu juzi nimeanza kuisoma upya kutoka ukurasa wa kwanza.